Taji la Msimu wa Tope

Tarehe 28 Januari 2007, huko Hooglede-Gits, magharibi mwa Ubelgiji, umati ulijipanga kandokando ya kamba, na wengi wao walikuwa wakimsubiri mtu mmoja. Sven Nys wa kijiji cha Baal alikuwa na umri wa miaka 30, na majira yale ya baridi yalikuwa yake. Katika Superprestige, mfululizo wa mbio za saiklokrosi unaoanza Oktoba na kumalizika Februari, msimu ule hakuna aliyemshinda hata mara moja. Raundi zote nane zilikuwa zake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake. Lakini siku ile ya Januari lilikuwa likishindaniwa taji la dunia, ambalo huamuliwa mara moja kwa mwaka, ndani ya saa moja. Mapema tu ajali ikamwangusha yeye pamoja na mshindani mwenzake Bart Wellens, na alipoinuka wenzake walikuwa wameshakwenda. Erwin Vervecken akavaa jezi ya upinde wa mvua, vazi la bingwa wa dunia, kwa mara ya tatu. Jonathan Page wa Marekani akashika nafasi ya pili, na Enrico Franzoi wa Italia ya tatu.

Vervecken alishinda kihalali, na jina lake litabaki kwenye orodha ya mabingwa wa dunia. Hata hivyo, aliyekuwa akisimama kwenye tope kila Jumapili tangu Oktoba alijua vilevile nani alikuwa mfalme wa msimu. Mchezo huu una mataji mawili: moja hutolewa na siku, jingine hutolewa na majira mazima. Mimi naliheshimu zaidi hilo la pili, na historia yake ndiyo nitakayoisimulia.

Saiklokrosi ni mbio za baiskeli nje ya barabara. Njia yake ni mzunguko wa kilomita 2.5 hadi 3.5 unaopita kwenye majani, mchanga, msitu, ngazi na miteremko, pamoja na viunzi vya mbao vyenye kimo kisichozidi sentimita 40. Usukani umepinda kuelekea chini kama ule wa baiskeli za barabarani, na upana wa tairi hauruhusiwi kuzidi milimita 33. Pasipopandika, mwendeshaji hushuka huku baiskeli ikiwa bado mwendoni, huitupia begani, hukimbia nayo, kisha huirukia tena bila kusimama. Wanaume hukimbia kwa takriban saa moja, na wanawake kwa dakika 50 hivi. Idadi ya mizunguko haijulikani mwanzoni. Hupangwa kutokana na muda uliotumika kwenye mizunguko ya kwanza, kwa sababu tope la leo silo la kesho.

Msomaji aliyewahi kusukuma baiskeli kwenye udongo mfinyanzi wakati wa masika anajua kinachotokea: tope hujaa kati ya tairi na uma, mnyororo unasaga, gurudumu linagoma kuzunguka. Ndiyo maana kila mshindani ana baiskeli ya pili, na mara nyingi ya tatu. Kwenye kituo cha kubadilishia, fundi humpokea ile chafu na kumkabidhi safi, kisha hukimbilia pampu ya maji ya presha aioshe kabla bosi wake hajarudi. Siku ya mvua kubwa baiskeli hubadilishwa kila nusu mzunguko. Ushindi mwingi umepatikana au kupotea mikononi mwa mafundi hawa, ambao majina yao hayatangazwi kwenye vipaza sauti.

Mwanzo wa mambo haya ni Ufaransa. Daniel Gousseau, askari wa cheo cha chini, alipenda kuendesha baiskeli msituni sambamba na wenzake waliopanda farasi. Akawashirikisha marafiki, na mwaka 1902 akaandaa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa Ufaransa, yaliyoshindwa na Ferdinand de Baeder. Kwa waendeshaji wa barabarani ilikuwa dawa ya baridi. Ndani ya msitu upepo haukati ngozi kama barabarani, mwendo ni wa polepole zaidi, na kukimbia na baiskeli begani hupasha miguu moto. Octave Lapize aliposhinda Tour de France mwaka 1910, alisema mbio hizi za majira ya baridi zilimsaidia, na wasiokuwa wakizijali wakaanza kuzitazama. Mwaka huohuo Ubelgiji ikafanya mashindano yake ya kwanza ya taifa, Uswisi ikafuata 1912, na mwaka 1924 Paris ikawa na Critérium International, mbio iliyowakutanisha watu wa mataifa mbalimbali.

Taji la dunia lilikuja mwaka 1950, huko Paris, na la kwanza lilichukuliwa na Jean Robic, yuleyule aliyeshinda Tour de France ya 1947. Baada yake Wafaransa wenzake walitawala: Roger Rondeaux mara tatu mfululizo, kisha André Dufraisse mara tano mfululizo. Renato Longo wa Italia na Rolf Wolfshohl wa Ujerumani Magharibi wakapokezana taji mwanzoni mwa miaka ya sitini. Ndipo akaja Eric De Vlaeminck, Mbelgiji wa kutoka Eeklo, akashinda 1966, kisha kila mwaka kuanzia 1968 hadi 1973, jumla mara saba. Tangu hapo Flanders, eneo alikotoka huko Ubelgiji, ikauchukua mchezo huu kuwa wake, na haijauachia.

Hata hivyo, kwa miongo mitatu hakukuwa na uzi wa kuziunganisha wiki za majira ya baridi. Kila kijiji kilikuwa na mbio yake, bango lake na zawadi yake. Mtu angeweza kuwapiga wenzake kuanzia Novemba hadi Januari, kisha mnyororo ukakatika siku ya mashindano ya dunia na msimu wake ukaonekana si kitu. Kwenye barabara dawa ilikuwa imeshapatikana. Tangu mwishoni mwa miaka ya hamsini kulikuwa na Super Prestige Pernod, orodha ya pointi iliyojumlisha mbio kubwa za mwaka mzima. Msimu wa 1982–83 saiklokrosi nayo ikapata Superprestige yake: mbio chache zilizochaguliwa, orodha moja ya pointi, mshindi mmoja mwishoni. Katika miaka ya mwanzo majina mawili yalisikika kuliko mengine, Roland Liboton wa Ubelgiji, bingwa wa dunia mara nne, na Hennie Stamsnijder, Mholanzi aliyelitwaa taji la dunia mwaka 1981.

Hesabu ya pointi iliyozoeleka katika Superprestige inastahili kutazamwa kwa makini, maana ndani yake ndimo ilimo roho ya mfululizo huu. Wa kwanza hupata 15, wa pili 14, wa tatu 13, hadi wa kumi na tano anayepata moja. Kati ya kushinda na kuwa wa pili kuna tofauti ya pointi moja tu. Mtu akiwa wa pili mara nane, amevuna 112, na yule aliyemshinda mara zote nane ana 120. Lakini ukikosa kufika siku moja, au gurudumu likivunjika mbali na kituo, au homa ikakulaza kitandani, pointi 15 zimekwenda na hazirudi. Superprestige haimwadhibu sana anayeshindwa. Humwadhibu asiyekuwepo. Humtaka mtu aje Oktoba kwenye nyasi kavu, aje Desemba kwenye barafu, aje Februari akiwa amechoka, na kila mara awe miongoni mwa walio mbele.

Wengine waliuona utamu huo. Mwaka 1987 ulianza mfululizo wa pili, uliobeba jina la gazeti la Gazet van Antwerpen, nao tangu 2012 umeacha pointi na kuhesabu muda, kama mbio za hatua za barabarani: sekunde unazopoteza leo unazibeba hadi mwisho wa msimu. Msimu wa 1993–94 shirikisho la dunia, UCI, likaanzisha Kombe la Dunia. Mshindi wake wa kwanza alikuwa Paul Herijgers, ambaye majira yaleyale alitwaa pia taji la dunia kwenye mchanga wa Koksijde. Hivyo majira ya baridi yakawa na mifululizo mitatu inayopishana wikiendi kwa wikiendi, na waendeshaji walewale wakikutana mara mbili, wakati mwingine mara tatu, kwa wiki.

Yafaa kueleza kwa nini hayo yaliwezekana Flanders. Mbio ya barabarani hupita mbele ya mlango wako kwa dakika moja na huwezi kumtoza mtu kiingilio. Saiklokrosi huzunguka shamba moja kwa saa nzima, na shamba lina uzio na lango. Watazamaji hulipa, hula viazi vya kukaanga, hunywa bia kwenye mahema, na huwaona mashujaa wao wakipita mara nane au tisa, karibu kiasi cha kurushiwa tope. Kwa fedha hizo waandaaji huwalipa wakubwa malipo ya kushiriki, na nyota mwenye jina huweza kuishi kwa majira ya baridi peke yake. Televisheni nayo iliongeza mapato hayo. Wale waliokuwa wakija saiklokrosi kujipasha moto kabla ya msimu wa barabara wakapungua, na likazaliwa kundi la watu ambao kazi yao ni hii tu. Superprestige nayo, ambayo hapo awali ilisafiri hadi nchi kadhaa za Ulaya, ikajikunja taratibu hadi ikabaki Ubelgiji na Uholanzi. Ni hasara kwa mchezo uliotaka kuwa wa dunia nzima. Lakini uwanja wa nyumbani ulikuwa umejaa.

Kila kituo cha msimu kina tabia yake, na mashabiki huvitambua bila ramani. Ruddervoorde ni mwendo wa kasi wa vuli. Gavere iko kwenye bustani ya ngome juu ya vilima, na mvua ikishanyesha, miteremko yake huwa ya kutelezea zaidi kuliko kuendeshea. Pale miguu yenye nguvu haitoshi, anatakiwa mtu anayejua kuiachia baiskeli itafute njia yenyewe. Zonhoven kuna De Kuil, shimo kubwa la mchanga lililozungukwa na watu pande zote. Mwendeshaji huchungulia kutoka ukingoni, hujitupa chini huku amerudisha mwili nyuma ya kiti, na gurudumu la mbele lazima lifuate mfereji uliochimbwa na waliotangulia. Akiukosa kwa upana wa kiganja, anaruka juu ya usukani mbele ya maelfu. Diegem, karibu na uwanja wa ndege wa Brussels, hukimbiwa usiku chini ya taa, katika siku za kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Hoogstraten ilikuwa ikija Februari ikiwa na tope zito, wakati pumzi zilikuwa zimebaki chache na orodha ya pointi ilikuwa imeshabana.

Katika mfululizo wa pili kuna siku mbili ambazo hata asiyefuatilia mchezo huzijua: Novemba mosi juu ya Koppenberg, kilima kilekile kinachowatesa waendeshaji wa barabarani katika Mbio za Flanders, na Januari mosi huko Baal. Mbio ya Baal inaitwa kwa jina la Sven Nys, naye ameishinda mara 12.

Nys alikulia kwenye BMX, baiskeli ndogo za kuruka matuta, na hilo lilionekana maisha yake yote ya mashindano. Wenzake waliposhuka kwenye viunzi, yeye aliviruka akiwa juu ya baiskeli na kuokoa sekunde moja hapa, mbili pale. Superprestige ya kwanza aliichukua msimu wa 1998–99. Lakini siku ya mashindano ya dunia ilikuwa na kisa naye. Mwaka 2000, huko Sint-Michielsgestel, Mholanzi Richard Groenendaal alitoroka mapema mbele ya watu wa nchi yake. Nys alikuwa timu moja naye, na timu haikumruhusu amfukuze. Alimaliza wa tatu, na Wabelgiji walilijadili jambo hilo kwa miaka.

Msimu wa 2004–05 alilipa deni lote kwa mkupuo. Alishinda Superprestige, Kombe la Dunia, mfululizo wa Gazet van Antwerpen, ubingwa wa Ubelgiji, na huko Sankt Wendel, Ujerumani, taji la dunia. Hakuna mwanamume aliyewahi kuyakusanya yote hayo katika majira mamoja kabla yake. Kisha ukaja ule msimu wa raundi nane kwa nane na anguko la Hooglede-Gits. Baada ya hapo siku ile moja ya mwaka ikawa kama imefungwa kwake: wa tatu mwaka 2008, wa tatu 2009, wa tatu 2010, wa pili 2011. Mwaka 2012, huko Koksijde, mbele ya watazamaji 61,000, Wabelgiji walijaza nafasi saba za kwanza, na Nys alikuwa wa saba.

Miaka hiyohiyo alikuwa akiendelea kuvuna misimu. Hapa ndipo tofauti ya mataji mawili inapoonekana wazi kuliko popote. Nys alikuwa na umri mkubwa kuliko Niels Albert na Zdeněk Štybar, waliokuwa wakimpokonya jezi ya upinde wa mvua, na katika siku yao bora walikuwa na kasi kuliko yeye. Lakini siku bora ya mtu haiji kila Jumapili. Nys alikuwa na kitu adimu zaidi, kwamba siku yake mbaya ilikuwa bado ni nafasi ya tatu. Alilala mapema, alijua njia zote, alichagua presha ya tairi kwa kubonyeza kwa kidole, na alirudi kwenye mstari wiki baada ya wiki. Superprestige alizichukua 13, Makombe ya Dunia saba. Mataji ya dunia ya siku moja ni mawili tu.

Hilo la pili lilipatikana mbali na nyumbani. Februari 2013 mashindano ya dunia yalitoka Ulaya kwa mara ya kwanza, yakaenda Louisville, Marekani. Mto Ohio ulikuwa ukifurika kuelekea uwanjani, na waandaaji wakalazimika kubana mbio zote katika siku moja kabla maji hayajafika. Nys, akiwa na miaka 36, alimshinda Klaas Vantornout kwenye mzunguko wa mwisho. Msimu uliofuata akachukua Superprestige yake ya kumi na tatu, na mwaka 2016 akaacha mashindano.

Waliompokea walikuwa wawili, na walikuja pamoja. Mathieu van der Poel, mwana wa Adri van der Poel aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1996, alishinda Superprestige ya 2014–15 akiwa na miaka 20. Wout van Aert akaichukua iliyofuata. Kwa misimu kadhaa mapambano yao yalikuwa zawadi kwa kila aliyenunua tiketi. Van Aert alilitwaa taji la dunia mara tatu mfululizo, na van der Poel akajibu kwa msimu wa 2018–19, alipofanya kile kilichofanywa na Nys peke yake: raundi nane, ushindi nane, kuanzia Gieten hadi Middelkerke. Na tofauti na Nys, siku ya mashindano ya dunia huko Bogense, Denmark, hakuanguka.

Upande wa wanawake msimu mzima ulipata malkia wake wakati ambao haukuwa na watazamaji. Majira ya 2020–21, milango ikiwa imefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Lucinda Brand wa Uholanzi alishinda Kombe la Dunia, Superprestige na ule mfululizo ulioanza kwa jina la Gazet van Antwerpen, kisha taji la dunia kwenye mchanga wa Ostend. Wanawake walipata taji lao la kwanza la dunia mwaka 2000 tu, kwa Hanka Kupfernagel wa Ujerumani, miaka 50 baada ya Robic. Kazi kama ile ya Brand ilistahili uwanja uliojaa.

Wakati huo barabara ilikuwa imeshawaita van der Poel na van Aert, na barabara inalipa kuliko tope. Wakaanza kuja saiklokrosi Desemba, kushindana katika mbio walizochagua, kisha kuondoka. UCI nayo ilikuwa imelipanua Kombe la Dunia hadi kupita raundi kumi na mbili, likifika hadi kwenye theluji ya Val di Sole nchini Italia, kwa matumaini ya kuuingiza mchezo kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Orodha ikarefuka huku wakubwa wakipunguza siku. Desemba 2023 rais wa UCI, David Lappartient, aliwalaumu hadharani walioruka raundi za Kombe na kwenda kwenye mbio nyingine.

Wapo wanaosema mfululizo unaoshindwa na mtu ambaye si mwenye kasi kuliko wote umepoteza maana. Sikubaliani nao. Pointi hazikuwahi kuahidi kumpata mwenye kasi zaidi, kazi hiyo ina siku yake. Ziliahidi kumlipa aliyekuja. Majira ya 2023–24 van der Poel alisimama kwenye mstari mara 14 na kushinda 13, akashindwa Benidorm peke yake, alikoshinda van Aert. Eli Iserbyt, Mbelgiji mwembamba mwenye kimo kifupi, alikuwa akihesabu pointi tangu Oktoba, kuanzia Marekani. Tarehe 28 Januari 2024, kwenye raundi ya mwisho ya Kombe huko Hoogerheide, van der Poel alifika wa kwanza akiwa amevaa jezi ya upinde wa mvua, na Iserbyt akapanda jukwaani kupokea Kombe la Dunia.